Usukani Uliokwenda Kinyume

Boti ya hoteli tuliyofanyia kazi, pale Juba ukingoni mwa Nile, ilikuwa na usukani mgumu kupita kiasi. Kuuzungusha kulikuwa kama kukamua blanketi lililolowa. Injini ilikaa ndani, mguu wa propela ukatokeza nyuma majini, na kati ya usukani na mguu huo palikuwa na kebo moja iliyoshika kutu. Mtu mmoja tu aliuweza: kapteni wetu, mwenyeji wa Juba aliyekulia Nakuru, mwenye mikono minene na maringo manene zaidi.

Meneja, Mkenya mwenzangu, alitamani kuendesha boti hiyo kuliko alivyotamani mbingu. Akaagiza vifaa vya haidroliki: pampu ya kufungwa nyuma ya usukani, mipira miwili ya oili na silinda ya kuusukuma ule mguu. Mimi, fundi wa hoteli, nikaambiwa nivifunge. Akatangaza bila soni kwamba usukani ukilainika ataendesha mwenyewe, na kapteni atahamia getini kufungulia magari.

Siku mbili kapteni alinishikia spana akiwa amenuna. Ilipofika kutoa hewa kwenye mipira, yeye alizungusha usukani mbele, mimi nikaongeza oili nyuma, mpaka mapovu yakaisha. Niliuona mguu ukienda huku na huku, nikaridhika. Sikumwuliza anazungusha upande gani. Nikajipongeza mapema, ugonjwa wangu wa siku zote.

Tukatoka kuijaribu, sisi wawili tu. Alipokata kulia, boti ikaenda kushoto.

Nilijua papo hapo kwamba nilikuwa nimepishanisha ile mipira kwenye silinda, kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza, nami nimezeeka na spana mkononi. Kapteni akajaribu tena polepole, akatabasamu kwa mara ya kwanza wiki hiyo, akatupeleka hadi karibu na Rejaf, juu ya mto, na kuturudisha, akizungusha kila kitu kinyume. Tulipofunga kamba akaniinamia.

"Fundi, hiyo kitu uiache tu vile iko."

"Na boss akiuliza?"

"Boss ajaribu mwenyewe. Khalas, basi."

Fundi mwenye heshima zake angekataa. Lakini mimi nilikuwa na aibu ya kuficha, yeye alikuwa na kiti cha kuokoa, na watu wa namna hiyo huelewana haraka. Nilimpa sharti moja tu, kwamba asipande mgeni hata mmoja.

Jumamosi meneja akaja na miwani ya jua na kofia nyeupe ya ubaharia, sijui aliitoa wapi. Alikata kulia, akatuingiza kwenye matete ya kushoto. Kila alivyojitahidi kutoka ndivyo alivyozidi kutuzamisha humo, mpaka kofia ikabaki imetundikwa juu ya tete. Kapteni akaomba usukani kwa adabu zote, akatutoa kwa kidole kimoja. Mimi niliinama nikijifanya naangalia injini, maana kicheko kilikuwa kinaniua. Meneja alisema atarudi Jumamosi ijayo. Habari ya geti ilibaki palepale.

Wiki ile, kila asubuhi kapteni aliitoa boti peke yake, akijizoeza kinyume chake. Mimi sikuwa na raha. Kicheko kilikwisha, nikaanza kuwaza siku atakayoshikwa na malaria, mtu mwingine akamate usukani ule na boti imejaa watoto wa wageni. Ijumaa nikamwambia wazi kwamba nairudisha mipira mahali pake, na suala la geti nitakwenda kumwombea mwenyewe kwa boss. Akasema mafi mushkila, hakuna shida, ingawa uso wake ulionyesha mushkila iko, tena kubwa. Nikaibadilisha, nikahakikisha mara tatu kwamba kulia ni kulia.

Jumamosi meneja akamwambia kapteni atangulie kuzunguka kidogo, yeye atazame kutoka ukingoni apate kujifunza. Kapteni akatoka na maringo yake yote. Kichwa chake kilijua nimerekebisha, lakini mikono haikuwa na habari. Alipofika kwenye kona akakata kwa mazoea, na boti ikaingia moja kwa moja kwenye matete yaleyale.

Nilifunga macho. Nilimwona tayari getini, amevaa sare, anapigia saluti magari, na sababu ni mimi.

Meneja alisimama mikono kiunoni. Kisha akanigeukia, na uso wake ulikuwa umejaa faraja ya mtu aliyesamehewa.

"Kama imemshinda huyo," akasema, "mimi nitaiweza wapi?"

Kapteni alipopanda ukingoni na majani nywelini, meneja alimpa mkono wa pole, mkono mrefu wa watu waliopitia jambo moja. Hajaomba usukani tena, wala geti halijatajwa. Mimi nilisifiwa kwa kazi nzuri.