Mbuzi wa Filamu

Mchezo wetu wa nyimbo na vichekesho, ule wa baba mchoyo anayedai mahari, uliigizwa na akina mama wa kanisa pale Gachoka. Marehemu mama ndiye aliyekuwa huyo baba, amevaa koti la babangu. Jukwaani hapakuwa na mbuzi. Mama akiimba, "Mbuzi wangu wako wapi?" watazamaji wote tulilia mee, hata mchungaji, naye mama alimnyooshea mmoja wetu kidole: "Huyu namchukua!"

Sasa vijana wameugeuza kuwa filamu. Wameleta mbuzi wa kweli, wanono, na mwanamume wa kweli mwenye ndevu. Upuuzi mtupu! Niliitazama kwenye simu, chumbani kwangu Nchiru. Wimbo ulipofika pale, nikalia mee kwa nguvu.

Hakuna aliyenichukua.