Nani Anang'oa Zulia la Tangi Langu?

Jamani, niliamka nikakuta bustani yangu inaelea.

Sikuwa naota. Mimi natengeneza matangi ya samaki, na daktari wa meno alikuwa amenipa kazi yangu ya kwanza kubwa: tangi lenye zulia la majani mafupi ya kijani, yanayotambaa chini ya maji. "Likinipendeza," alisema, "kliniki zangu zote ni zako."

"Usiharibu," mke wangu alinionya. Nilikuwa nimeachishwa kazi, tena mama yake alikuwa amekuja kutoka shamba kukaa nasi. Heshima yangu ndani ya nyumba ilibaki kiduchu.

Nikapanda upya. Mche mmoja mmoja, kwa kibano, mgongo unawaka moto.

Asubuhi, mingine imeng'oka tena, inaelea.

Nikawashuku kambale wadogo waliomo tangini, maana wanapenda kufukua. Nikawahamishia kwenye ndoo. Wapi! Nikabadilisha mchanga, nikapunguza kasi ya pampu. Wapi! Hasira zikanipanda, nikaanza kulifokea tangi.

"Sasa unagombana na maji?" mke wangu akacheka.

"Niache!"

Mama mkwe peke yake ndiye aliyenihurumia. "Usikate tamaa, baba. Itastawi tu."

Siku ya daktari kuja, niliwahi kuamka. Nikamkuta mama mkwe mbele ya tangi, mkono umezama mpaka kwenye kiwiko, ananyofoa miche.

"Mama?!"

Wala hakushtuka. "Umepanda imebanana mno, baba. Nakupunguzia kila asubuhi, ipate nafasi ya kunenepa. Karoti zangu nazifanya hivihivi."

Kumbe!

Nilitaka kupiga yowe. Lakini mama mkwe unamfokea vipi?

"Ahsante, mama."

Daktari alikuja, akatazama vijimche vilivyosimama kimoja hapa, kimoja kule kwenye mchanga mtupu, akaniaga kwa adabu zote. Kazi akampa fundi mwingine. Nilijifungia chooni nikalia, sioni aibu kusema.

Jioni mama mkwe akanishika bega. "Pole, baba. Mimi nilikuwa nakuonea huruma tu. Tungepunguza zaidi."

Ndugu zangu, kabla hujawatia kambale wa watu ndooni, mweleze anayekupenda unafanya nini hasa, maana atakusaidia hata usipomwomba.

Mimi nimeshamweleza mama mkwe, taratibu, mpaka mwisho. Amesema ameelewa.

Lakini tangi jipya nimelitia kufuli.