Kabati la Posa

Fundi Usi, jirani yangu wa Michenzani, alikuwa seremala mwenye akili zake kabla fleti hazijamtia wazimu. Zamani, akitengeneza milango ya nyumba za Mji Mkongwe, alipima kila ukuta, maana hakuna pembe mbili zinazolingana kule. Alipopelekwa kutia milango kwenye majumba mapya, akakuta yote saizi moja: huu ukiharibika, unatwaa ule. Weye! Tangu hapo dunia nzima akaitaka saizi moja. Mashati namna moja, hata mchuzi namna moja kila siku ya Mungu. Mkewe alistahamili mpaka akafa.

Matanga yameanuliwa juzi, Usi keshapeleka posa kwa Bi Mwanapili, mjane wa upande wa pili wa ngazi.

"Umbo lake lile lile la marehemu," akaniambia bila ya haya. "Hata nguo zitamwenea."

Ya Rabi! Lakini alimtaka kweli, maskini. Upweke ulikuwa unamla, na mimi nilimwonea huruma.

Bi Mwanapili hakumkatalia. "Nitengenezee kabati kwanza," alisema. "Likinipendeza, nshakubali."

Nikamuuliza Usi, "Huendi kupima?"

"Nikapime nini? Fleti zote moja. Nshapima kwangu."

Bingwa huyo! Kabati akalitengeneza la vipande, lipite kwenye ngazi: upande wa kushoto mrefu mpaka darini, wa kulia mfupi, ukae chini ya dirisha. Siku ya kulipeleka alivaa kanzu, akajifukiza udi, akaliunga chumbani kwa Bi Mwanapili, sie majirani tumejazana mlangoni.

Kumbe fleti za upande ule zimegeuzwa, kama kiganja cha kulia na cha kushoto. Ule upande mrefu ukaziba dirisha zima, chumba kikawa kiza mchana kweupe. Na vipande kuvigeuza havigeuki, kila kimoja kimekatwa kwa upande wake.

Tulicheka mpaka mbavu zikatuuma. Usi akapangusa jasho, akasema, "Si neno, Bi Mwanapili. Utazoea. Marehemu alizoea kila kitu."

Kicheko kikakatika.

"Lifungue, Fundi, ukaliweke kwako," Bi Mwanapili akasema kwa upole. "Lenyewe litaenea. Mimi sitoenea."