Nilivyokwenda Dubai Kumchagulia Mwanaidi Hospitali

Niliondoka Tanga kwa sababu mdogo wangu Mwanaidi, mfanyakazi wa nyumbani mtaa wa Mirdif, Dubai, alikutwa na uvimbe kwenye kizazi. Madam wake alimpa hadi Ijumaa achague hospitali ya serikali ya kufanyiwa upasuaji: ile kubwa au ile ndogo.

"Dada, wewe si mtu wa takwimu? Njoo unihesabie," alinililia kwenye simu.

Ilikuwa miaka ya elfu mbili na kumi. Nilikuwa mtakwimu wa hospitali ya mkoa, msichana bado, na majivuno tele.

Alhamisi mchana nilifika mtaa wa International City, kwenye chumba walichopanga wanawake wanane Waswahili, Mwanaidi akiwemo, kwa siku zao za mapumziko. Palinukia iliki na sabuni ya unga. Jamani, napakumbuka mno pale.

Mwenyeji wetu, Bi Mwanasha wa Mombasa, alinionyesha karatasi kwenye mlango wa friji. Kila aliyetibiwa aliandika jina, hospitali, na kama amepona. Nikapiga asilimia zangu. Wa hospitali kubwa wote walikuwa wamepona. Wa ile ndogo, baadhi bado waliumwa.

"Nenda kubwa," nikamtangazia Mwanaidi kama hakimu.

Ijumaa asubuhi, Bi Mwanasha akiepua mahamri, nilimuuliza nani huandika pale.

"Mwenyewe, akirudi."

"Na asiyerudi?"

Akatua sinia la mahamri. "Wengine kafeel, tajiri aliyewaleta, huwakatia tiketi wangali wagonjwa, khalas, wakaenda kwao. Zuhura wetu alifia huko huko hospitalini. Hatukumwandika, mwanangu. Karatasi hii ni ya kutiana moyo."

Nilitamani ardhi inimeze. Kosa hilohilo, la kuhesabu waliorudi tu, ndilo nililokuwa nikiwagombezea makarani wangu. Tulikaa tukikumbuka na kupiga simu hadi adhuhuri. Majina yaliyokosekana mengi yalikuwa ya hospitali kubwa, lakini huko ndiko pia walikopelekwa waliokuwa hoi zaidi.

"Kwa hiyo ipi, dada?" Mwanaidi akauliza.

"Sijui," nikasema. "Majina ni machache mno."

"Basi nakwenda ndogo. Ni karibu, mtaweza kuja kuniona."

Wiki iliyofuata alipasuliwa, nasi tukapokezana kukaa naye. Alhamdulillahi, alipona.

Nikiwa ndani ya ndege ya kurudi, nilimshukuru Mungu, kisha nikakumbuka nilivyotangaza "Nenda kubwa." Siku hizi karani akiniletea ripoti ya waliopona tu, namrudisha akawatafute wengine. Huniona mkorofi. Hajui kwamba mdogo wangu nusura aingie chumba cha upasuaji kwa kuniamini mimi, nami sikuwa najua lolote.