Ushuhuda Niliotoa Mapema

Mume wangu yuko Denmark, mimi niko Gisenyi, na kati yetu kuna faili. Lilifunguliwa kambini kabla hatujaoana, kwa hiyo alipopelekwa huko kama mkimbizi, jina langu halikuwemo. Kumleta mke baadaye, sheria ya kule ni ngumu kama mawe ya volkano ya kwetu Bugeshi. Mimi nilikuwa na miaka thelathini na tisa na sijazaa. Nilitaka mtoto, na sioni aibu kulisema.

Ndiyo maana uchaguzi wa bunge la Denmark, la watu wasionijua, ukaninyima raha. Mume wangu mwenyewe hakuwa na haki ya kupiga kura, lakini alinifundisha yote kwa simu. Kuna upande mwekundu na upande wa buluu. Chama kikubwa cha wekundu ni kikali kwa wageni, ila kinaegemea vyama vidogo vinavyotaka sheria ya familia ilegezwe. Wekundu wakishinda kwa shida, wale wadogo watasikilizwa. Basi nikapiga magoti nikaomba washinde kwa shida. Nani aliwahi kuomba dua ya namna hiyo?

Wakashinda kwa kiti kimoja. Akanipigia asubuhi huku anacheka, nami Jumapili iliyofuata nikasimama kanisani kutoa ushuhuda. Kwetu ushuhuda hutolewa jambo likishatendeka, hata mtoto wa Sunday school anajua, lakini mdomo ulinitangulia. Nilisema Bwana amefungua mlango, naenda kwa mume wangu. Akina mama wa kwaya wakapiga vigelegele, na baada ya siku chache wakaniletea valizi mpya ya kufungia nguo za safari na kitenge cha kuniaga. Meza yangu ya viazi sokoni nikamwachia binamu yangu. Haraka haraka haina baraka, methali hiyo naijua tangu utotoni. Ilinisaidia nini?

Nilidhani uchaguzi ukiisha umeisha. Kumbe kule ndipo wanapoanza kuzungumza nani aunde serikali na nani. Mwezi ukapita, bado wanazungumza. Kila mama wa kwaya niliyekutana naye aliniuliza, "Bado uko?" Nikawa napita njia ya ziwani ili kuwakwepa.

Mwishowe serikali ikapatikana. Chama kikubwa kilishikana mikono na wapinzani wake wa buluu, wale wadogo wakabaki nje. Mume wangu alinieleza polepole, kama mtu anayeleta habari ya msiba. Sheria yetu hakuna wa kuigusa. Niliwakasirikia watu ambao hata sura zao sizijui, kisha nikamkasirikia yeye, kisha nikajikasirikia mwenyewe na ule ushuhuda wangu.

Akasema tusubiri uchaguzi mwingine. Labda miaka minne.

"Miaka minne," nikamwambia, "mi nitazaa lini?"

Kisha akasema, "Bon. Basi we olewa."

Hakusema kwa hasira, na afadhali angekasirika. Nikamuuliza kama ananiruhusu au ananifukuza. Akasema hajui, akaanza kulia. Nami nikakata simu, kwa sababu alipotamka tu neno lile, kuna mwanamume mwingine alikuwa amekwisha kunijia akilini.