Gemu Niliyoifungua Mbele ya Wazee

Aibu hii naisema mwenyewe, maana nimechoka kuisikia sokoni Msambweni ikisimuliwa na watu ambao hata hawakuwako: ni mimi niliyemwingiza nguruwe madrasa, tena nguruwe mwenye baa, mbele ya wazee.

Mwanangu Salim ana miaka minne na mguu wake umepinda tangu kuzaliwa. Sisi mama wenye watoto wa namna hiyo tulikuwa tukiwanyoosha viungo barazani kwangu, mvua ikija tunakimbia nao ndani, basi kaka yangu Hamadi, ambaye kazi yake ni kutengeneza gemu za kompyuta (ndiyo, ni kazi, hata mimi mwanzo nilicheka), akatuombea kwa wenzake wa nchi za nje. Wale watengenezaji wadogo wadogo kila mmoja akatoa gemu yake bure, zikafungwa pamoja kama kifurushi, mtu akichangia anapewa zote, na mchango ukawa wa kutujengea chumba cha mazoezi. Kilichobaki ni kiwanja. Kiwanja alikuwa nacho Mzee Bakari, naye alishakubali kukitoa wakfu, ila alitaka wazee wenzake waelezwe msaada unatoka wapi.

Siku ya kikao cha wazee pale madrasa Hamadi alikuwa na safari, akaniachia laptopu yake na projekta ya kuazima. "Dada, fungua yangu tu, ile ya mtoto anayevuka mikoko. Hizo nyingine mimi mwenyewe sijazicheza zote."

Nilimsikia vizuri. Sasa tazameni ujinga wangu. Ile ya Hamadi nikaifungua, mtoto akavuka mikoko, wazee wakaitikia kwa vichwa, mambo yakawa mazuri, nami badala ya kufunga nikataka waone kwamba gemu ni nyingi, kwamba tumehurumiwa na watu wengi, nikabonyeza picha moja yenye kinyumba kizuri na maua dirishani. Mlango ukafunguka, akatoka nguruwe, mkubwa ukuta mzima, kavaa aproni, anapanga chupa za bia. Nikabonyeza kufunga, kumbe nimebonyeza kuanza. Akaingia mteja (nguruwe naye), akagonga meza, na Salim, ambaye kwenye gemu hafundishwi, akasema kwa sauti, "Mama, anataka pombe, mpe."

Watoto wakacheka. Wazee hawakucheka. Nikawa nabonyeza ovyo, na kila nikibonyeza namimina glasi nyingine, mpaka Bi Riziki, mama mwenzetu, akainuka akachomoa waya wa projekta. Picha ikapotea, muziki wa baa ukabaki unalia ndani ya laptopu.

Hapo ningenyamaza yangeisha. Mzee Bakari alisema kwa upole kabisa, "Mwanangu, ardhi ya wakfu haijengwi kwa pato la nguruwe na ulevi."

"Niwie radhi, baba. Hayo ni mapicha, hakuna aliyekunywa."

Mzee mmoja nyuma yake akadakia, "Hawa vijana wa simu, hata viwete wao wanawafanyia mchezo."

Viwete. Na Salim ameketi miguuni pangu, anasikia. Basi nikauliza, kwa sauti ya kufika barabarani, ile nyumba ya Mzee Bakari kule Diani aliyompangisha mtu wa baa, kodi yake ni pato la nani, au bia ikiwa ya kweli ndiyo inakuwa halali. (Nyumba hiyo kila mtu anaijua. Hakuna aliyewahi kuitaja mbele ya mwenyewe.)

Mzee Bakari akainuka. Alivaa makubadhi yake mlangoni, akaondoka, na kiwanja kikaondoka naye.

Wachangishaji hawakuweza kutungoja, chumba kikajengwa Matuga, kwa mama wengine waliokuwa na kiwanja tayari. Mimi huko nafika nikijaliwa nauli, wenzangu wengi wameacha kabisa. Nilipomfuata Bi Riziki kumshawishi tuwe tunakwenda pamoja, alinikaribisha vizuri, akanipa chai, kisha akasema, "Ulisema kweli, dada. Na mwanangu bado hajasimama."

Chai ile sikuimaliza.

Nimeapa, siku nyingine nikiulizwa msaada umetoka wapi nitajibu kwa mdomo tu, na kompyuta itakaa mkobani. Lakini lile la nyumba ya Diani siliombei radhi, na wenzangu walishanituma niende kwa Mzee Bakari kumwomba, sikwenda. Niliyemfedhehesha ni mtu mzima, anatembea kwa miguu yake miwili. Yeye akalipiza kwa watoto wasioweza.