Ngozi ya Kwapani mwa Ngamia

Siku ile naikumbuka, mwanangu, na waliokuwepo nawakumbuka wote. Alikuwepo baba yangu Elifadhili, mfanyakazi wa josho la ng'ombe pale Same, enzi za Mwingereza. Mama yangu Naetwe. Jirani yetu Abdi, Msomali, na mkewe Halima, mjamzito. Na ngamia wao mmoja, aliyewabebea maji ya kuuza. Hawakuwa na kitu kingine duniani.

Ngamia alishikwa na upele. Baba akaleta dawa ya josho.

"Si umtumbukize?" Abdi akauliza.

"Huyu mrefu hivi? Kichwa kitabaki Same, miguu itokee stesheni ya Bendera!"

Tukacheka, mara ya mwisho kucheka pamoja.

Kwa kuwa hatumbukizwi, baba aliikoroga dawa kali zaidi, akapaka kwa brashi ya katani. Nundu, mgongo, tumbo. Halima akasema, "Shemeji, kwapani acha. Hapo pembamba."

"Ngozi ni ngozi, shemeji. Ng'ombe wetu wanazama mpaka masikio."

Akapaka. Kesho yake ngamia alilala, hakuamka.

Zakayo, bwana mifugo, binamu wa mama, alikata vipande vya ngozi, akaenda navyo, akarudi na hadubini. Sote tukachungulia. Ya kifuani, pale ngamia anapolalia, ilikuwa tabaka juu ya tabaka, kama mikeka iliyopangwa. Ya mgongoni nene, mashina ya nywele yamezama ndani. Ya kwapani, loo! Utando tu, na mishipa ya damu papo hapo chini yake.

"Dawa ilipita hapa," Zakayo akasema.

Baba aliangalia muda mrefu. "Mbona hukunionyesha juzi?"



Abdi na Halima waliondoka kwa miguu, wakifuata reli. Tuliambiwa hawakuivuka nyika. Baba akaacha josho, akapanda mlimani, hakugusa mnyama tena hadi anakufa.

Mwanangu, mwili mmoja hauna ngozi moja. Anayemlisha mnyama akikuambia hapa pembamba, ondoa mkono. Hata mwenzi wako ana mahali pasipostahimili. Nimewaambia wengi, wanaitikia, kisha wanapaka. Sijui kama wewe utasikia. Mungu akujalie mkono mwepesi, hata hivyo.

Nikikosea jina, nisahihisheni. Na kama yupo wa uzao wa Halima anayesoma haya, anisahihishe hapo pa nyika. Hapo naomba niwe nimekosea.